Ajifungue kwa jina la nani?

Mama Mkunga, jambo sana.

Ninakuandikia kutoka Katwe, Kampala, katika chumba kimoja tunacholala watu watano. Mimi na mdogo wangu tumetoka Goma, mashariki mwa Kongo. Mji ulipochukuliwa na waasi mwishoni mwa Januari 2025 tulijifungia ndani wiki mbili tukila unga uliobaki, kisha baba mdogo, ambaye yuko huku tangu Goma ilipochukuliwa mwaka 2012, akatutumia nauli. Tulivukia Bunagana tukashukia Kisoro. Pale wenzetu walikuwa wakipelekwa kituo cha wakimbizi cha Nyakabande kuandikishwa. Baba mdogo alikuwa ametuonya kwa simu tusiingie huko, maana tungeishia kambini; tupande basi la usiku tuje moja kwa moja. Tukatii. Hatukuandikishwa mahali popote, na mpaka leo, mwezi wa saba huu, hatuna hata kipande cha karatasi cha Uganda.

Mdogo wangu ana miaka 21. Mume wake alibaki kulinda nyumba, na simu yake haijaita tangu wiki ile. Tulipoondoka mdogo wangu hakujua kwamba ni mjamzito. Sasa mimba inaingia mwezi wa nane.

Mimi natembeza vitenge. Nachukua mali kauli kwa mama mmoja wa kwetu, nazunguka ofisi kwa ofisi, saluni kwa saluni, jioni namrudishia hesabu yake. Siku njema nabaki na shilingi 15,000, siku mbaya nabaki na miguu inayouma. Kwa pesa hiyo nilimpeleka mara moja kwenye kliniki ya mtaani, wakampima tumbo na mkojo, wakatwaa 30,000. Sikuweza tena.

Mwezi uliopita nikasikia kwamba kwenye vituo vya serikali kliniki ya wajawazito ni bure. Tukaenda alfajiri. Askari wa getini alitusemesha Kiluganda, nikamjibu kwa Kiswahili, akanitazama kama mtu aliyekuja kuiba. Mwishowe alituachia tukapita. Kwenye meza ya kuandikisha, msichana akasema, "Ndagamuntu," yaani kitambulisho cha taifa. Nikamwambia hatuna. "Basi kadi ya ukimbizi." Nikamwambia bado. Akafunika kitabu kwa mkono, akasema twende kambini kwetu, hapa ni kwa Waganda. Watu wote kwenye foleni walikuwa wanatutazama. Mdogo wangu alinivuta mkono, tukarudi.

Sasa, Mama, tangu Alhamisi kichwa kinamuuma na dawa ya kutuliza haimsaidii. Anasema anaona nyota. Miguu imevimba, hilo nimelizoea kuliona kwa wenye mimba, lakini hata pete yake ya ndoa haitoki tena kidoleni. Baba mdogo anasema apunguze chumvi. Jirani amemletea emmumbwa, ule udongo wa miti shamba wa wajawazito, alambe.

Mama mwenye nyumba ni Muganda, mwenye moyo mzuri, tukichelewa kodi hatufokei. Ana miaka 38 na watoto watatu. Jana amenipa ndagamuntu yake na daftari lake la kliniki la mimba ya mwisho. "Mpeleke," anasema, "wakimuuliza, yeye ni mimi." Baba mdogo ameafiki. Anasema wakijua hatuna karatasi, hospitali itapiga simu uhamiaji, na mtoto atazaliwa Luzira gerezani. Yeye amepata kijana huko Old Kampala anayesema anaweza kuingiza majina yetu kwenye kompyuta ya wakimbizi kwa shilingi 400,000 kila mmoja. Mimi nina 150,000, nimeziweka kwa ajili ya uzazi.

Mdogo wangu, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, hataki kadi ya mtu. Aliniambia, "Yaya, nikifa humo, watazika nani?" Nilimgombeza kwa neno hilo. Tangu hapo sijalala.

Nifanye nini?

Yaya wa Katwe


MAMA MKUNGA ANAJIBU

Yaya, barua yako ilinifikia Jumanne jioni, na sikuimaliza. Nilipofika pale pete isipotoka kidoleni niliiweka chini nikakupigia. Kwa wasomaji ambao hawakuwa kwenye simu ile, narudia nilichomwambia: mwanamke ambaye mimba yake imepita wiki 20, kichwa kikimuuma bila kupoa, macho yakiona nyota au ukungu, uso na vidole vikivimba, au akishikwa na maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu, hasubiri kupambazuke. Anapelekwa usiku huohuo. Miguu kuvimba peke yake huwapata wengi. Mkusanyiko huo mwingine ni sura ya presha ya mimba, na presha hiyo ikiachwa huzaa kifafa cha mimba, ambacho kinaweza kumuua mama na mtoto usiku mmoja. Mimba za kwanza, kama ya mdogo wako, zimo hatarini zaidi. Kupunguza chumvi hakuitibu, na emmumbwa haishushi presha hata akilamba tonge zima. Inapimwa kwa mashine ya mkononi na kwa mkojo, inazuiliwa kwa dawa, na kifafa kina sindano yake, magnesi salfeti, ambayo imeokoa mama wengi mbele ya macho yangu. Tiba yenyewe ni mtoto kutoka pamoja na kondo. Hata akishajifungua, wiki sita za mwanzo bado si za kupuuza.

Nilipokwisha kukuambia hayo yote, wewe ukaniuliza swali moja tu: "Aende kwa jina gani?" Nikakujibu: lake. Ukanyamaza, halafu ukasema sawa. Nashukuru kwamba mlikwenda hivyo, kwamba kituo cha pili kilimpokea, presha ikakutwa 150 kwa 100, wakamlaza siku mbili, na sasa amerudi na vidonge na tarehe ya kuonekana tena kila baada ya siku tatu. Lakini nilikudai utii bila kukupa sababu, na baba yako mdogo bado ameishikilia ile ndagamuntu akisubiri siku ya uchungu. Kwa hiyo leo nakulipa deni langu.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi, aliletwa mama mmoja aliyepoteza damu nyingi baada ya kuzaa. Tulikuwa wawili kwa wagonjwa zaidi ya ishirini. Nilikwenda kitandani kwake nikamwita jina lililokuwa kwenye daftari. Hakuitika. Nikaita tena, nikamtikisa bega. Nikaamua kwamba amepoteza fahamu, nikapiga kelele daktari aje, nikaanza kufanya yale yanayofanywa kwa mtu aliyezimia. Alikuwa anasikia kila kitu. Hakuitika kwa sababu jina lile halikuwa lake; lilikuwa la shemeji yake, na katika maumivu yale alisahau kwamba siku hiyo yeye ni mtu mwingine. Daftari lilisema ni mzazi wa mara ya nne, kumbe alikuwa wa pili, na wa kwanza alikuwa amemzaa kwa upasuaji. Kovu tuliliona baadaye. Alipona. Mimi nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikalia, maana nilijua jinsi tulivyopita karibu.

Kwa hiyo angalia sasa hilo daftari la mama mwenye nyumba wako. Linasema mwanamke wa miaka 38, amezaa mara tatu salama, na presha yake haikuwahi kupanda. Mkunga akilisoma anapanga mkono wake kwa mwanamke huyo. Anatarajia uchungu mfupi. Hana sababu ya kuhofia kifafa. Mdogo wako ni miaka 21, uzazi wa kwanza, presha imekwisha kupanda. Ukimpa mkunga daftari lile umemfunga kitambaa machoni halafu ukamwambia amwokoe ndugu yako. Majibu ya vipimo nayo yataingia mle, kundi la damu, virusi, kaswende, na siku mwenye daftari atakapougua atakuwa amebeba historia ya mtu mwingine. Na usisahau kwamba ndagamuntu ina picha. Mama wa miaka 38 na binti wa 21 hawafanani hata gizani.

Kisha kuna mtoto. Akizaliwa, wodi huandika taarifa ya kuzaliwa, na mama anayeandikwa ni yule wa kwenye daftari. Mdogo wako atatoka hospitalini amembeba mtoto ambaye kwa karatasi ni wa mwenye nyumba. Siku mumewe simu yake itakapoita tena, siku watakapotaka kurudi Goma au kwenda kwingine, atathibitishaje kwamba huyu ni wake? Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015 inataka kila mtoto anayezaliwa Uganda asajiliwe, awe wa raia au wa mgeni. Kusajiliwa hakumfanyi Mganda, na wala hamuhitaji awe Mganda. Kunamfanya awe na mama.

Na lile neno ulilomgombezea, Yaya. "Watazika nani?" Usimgombeze tena. Ndiye aliyeona sawasawa kuliko wote nyumbani humo.

Mama mwenye nyumba wako mwambie namheshimu sana, na kwamba ana kitu kingine cha kuazima kilicho bora kuliko kadi. Aazime ulimi wake. Siku mnapokwenda kliniki aje nanyi, asimame getini, aongee Kiluganda. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, maana Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa Katiba tangu marekebisho ya 2005, na bado katika Kampala mtu akikitamka getini kuna wazee wanaosikia mlio wa buti za askari wa enzi za Amin. Kumbukumbu hiyo si kosa lako wala si la askari wa getini. Lakini ipo, na mgonjwa hana muda wa kuifundisha historia. Mwenyewe pia jifunze maneno matatu: *ndi lubuto*, nina mimba, *omutwe gunnuma*, kichwa kinaniuma, *puleesa*, ambalo hata wewe umelielewa. Mdogo wako ayajue kwa moyo. Itakuja saa ambayo hutakuwa karibu.

Sasa yule msichana wa meza ya kuandikisha. Alikosea, na nitakuambia alikosea wapi ili siku nyingine usivutwe mkono ukatoka. Tangu Machi 2001 serikali iliondoa malipo katika vituo vyake vya afya, isipokuwa zile wodi za kulipia ndani ya hospitali. Mwaka 2009 Wizara ya Afya ikatoa Mkataba wa Haki za Wagonjwa, na humo imeandikwa kwamba mgonjwa asibaguliwe, na kwamba penye dharura mtu apewe huduma bila kudaiwa amana wala malipo kwanza, katika kituo chochote. Mkataba ule unamtaja mgonjwa. Hausemi mgonjwa mwenye ndagamuntu. Hata hivyo kadi hiyo imegeuka kufuli: mwaka 2021 ISER, taasisi ya kutetea haki za kijamii na kiuchumi, na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha wajawazito na wazee, raia wa Uganda kabisa, wakikosa huduma kwa sababu kadi imepotea au haijatoka au jina limekosewa herufi. Ukijua kwamba hata mwenye nchi hufukuzwa, aibu uliyoibeba kutoka foleni ile utaitua.

Mkikataliwa tena, msibishane na meza. Meza haina mamlaka. Muulize inchaji wa kituo, yaani msimamizi, au nendeni moja kwa moja mlango wa wazazi mkamtafute mkunga, mseme presha ilikuwa 150 kwa 100 na tarehe ya leo ni ya kurudi. Namba hizo mkunga yeyote anazisikia haraka kuliko jina la nchi. Daftari la mdogo wako, lile jipya alilolazwa nalo, lisitoke mkononi mwake. Ndilo karatasi lake la kwanza la Uganda, na limeandikwa kwa jina lake.

Mahali pa kujifungulia pasiwe kituo kidogo. Presha ikishapanda, kituo cha ngazi ya tatu kina mkunga mzuri lakini hakina chumba cha upasuaji. Atakayewapokea awape barua ya rufaa mapema, sasa hivi, kabla ya uchungu. Kawempe, hospitali ya taifa ya rufaa, huzalisha zaidi ya mama 20,000 kwa mwaka. Ni msongamano, mtalala wawili wawili pengine, mtasubiri, na mtu anaweza kuwasemesha vibaya. Lakini kuna madaktari usiku, na ni ya serikali. Msije mkaingia hospitali za misheni, Nsambya, Mengo, Lubaga, mkidhani ni za bure kwa sababu ya msalaba uliopo juu. Ni hospitali nzuri, na zinatoza. Vilevile ile ya wanawake ya Mulago, ingawa ni ya serikali, ni ya kulipia.

Pesa zako 150,000 usimpe kijana wa Old Kampala hata shilingi moja. Nunua mfuko wa vifaa vya kujifungulia, maana bure ya serikali mara nyingi huja bila glovu: plastiki ya kulalia, glovu, pamba, wembe, uzi wa kitovu, sabuni. Tenga nauli ya gari la usiku, si bodaboda. Mwenye presha ya mimba akishikwa na kifafa juu ya pikipiki hakuna wa kumshika. Ongea na dereva mmoja wa mtaani mapema, mpe namba, akubali kuitwa saa yoyote. Zinazobaki ni za dawa ambayo duka la hospitali litasema imekwisha. Mtu akiomba chai ndipo amguse mgonjwa, muulize jina lake kwa upole na uliandike kwenye daftari mbele yake. Nimeona chai nyingi zikipoa kwa kalamu.

Nimfikie baba mdogo, ambaye namwelewa. Kwa miaka kumi na zaidi ameona wasio na karatasi wakishikwa barabarani, na hofu yake haikutoka hewani. Sitakudanganya kwamba mtu asiye na hati yuko salama Kampala. Ninachokuambia ni cha wodini, ambako nilikaa maisha yangu ya kazi: sikuwahi kuona mkunga akinyanyua simu kuita uhamiaji. Daftari la wajawazito lina mahali pa umri, uzito, presha, wiki za mimba, mtaa unaoishi. Halina mstari wa viza. Na siri ya mgonjwa imo katika ule ule Mkataba wa Wagonjwa. Kinachomtia mtu matatani ni kukutwa na ndagamuntu ya mwingine, hilo ni kosa la jinai, na lingemwingiza hata mama mwenye nyumba aliyewatendea wema. Baba mdogo anajaribu kuwakwepesha Luzira kwa kupitia njia inayoelekea huko.

Halafu, Yaya, mnaishi kama wahalifu wakati sheria ya nchi hii ina mlango ulioandikwa jina lenu. Sheria ya Wakimbizi ya 2006, ikifuata mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, inamhesabu kuwa mkimbizi pia mtu aliyekimbia kwa sababu ya vita au machafuko makubwa yaliyovuruga amani kwao. Hamhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyewatafuta kwa jina. Goma ya Januari 2025 inatosha kusimulia. Na sheria hiyo inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo uhai wake uko hatarini.

Mmekosea jambo moja: inataka mwombaji ajitokeze ndani ya siku 30 tangu aingie, nanyi mko mwezi wa saba. Msilifiche, na msitunge tarehe. Mtakaloulizwa lijibuni kama ulivyoniandikia mimi, kwamba mlikuwa na hofu na mzee wa nyumba aliwaambia msiingie. Kwa sababu ya kuchelewa huko, msiende mikono mitupu. Anzieni kwa wanasheria wa Refugee Law Project, walio chini ya Kitivo cha Sheria cha Makerere, wamefanya kazi hii tangu 1999 na hawatozi mkimbizi. Wasimulieni yote, wao ndio wawaongoze kwenda dawati la wakimbizi la Ofisi ya Waziri Mkuu. Shirika la Wajesuiti la huduma kwa wakimbizi, JRS, nalo liko Nsambya, si mbali na kwenu, na pale Kiswahili chako hakitamshangaza mtu.

Kuandikishwa ni bure. Tangu zoezi la uhakiki la 2018, baada ya kashfa ya idadi za wakimbizi zilizotiwa chumvi, alama za vidole na mboni za macho ndizo zinazomtambulisha mtu. Kijana wa Old Kampala hawezi kuingiza vidole vyako kwenye kompyuta akiwa na 400,000 mfukoni na wewe uko Katwe. Angewapa plastiki yenye picha, na plastiki hiyo ingewaingiza katika shida ambayo leo hamnayo.

Na kambi? Sheria inampa mkimbizi uhuru wa kutembea na wa kufanya kazi. Wengi wa watu wa kwenu mjini wana kadi na wanaishi papa hapa, Katwe, Makindye, Nsambya. Ukweli wa upande wa pili ni kwamba ukiishi mjini unajitegemea. Misaada mingi iko makazini, Nakivale, Kyaka, Rwamwanja, na hata huko ilipungua sana mwaka 2025. Vitenge vyako ndivyo vitakavyokulisha kama vinavyokulisha sasa. Tofauti ni kwamba utavitembeza bila kuvuka barabara kila uonapo polisi.

Sijui kama umeona nilivyopanga mambo, hospitali mbele, karatasi nyuma. Baba mdogo anapanga kinyume, apate kadi kwanza ndipo aende kliniki. Mimba haisubiri kamati. Mdogo wako aende kliniki keshokutwa kwa jina lake bila kadi yoyote, na wewe siku hiyohiyo au inayofuata uende kwa wanasheria. Mtoto akizaliwa kabla ya hati, ataongezwa kwenye hati ya familia kwa ile taarifa ya kuzaliwa, ndiyo maana nimeng'ang'ania iandikwe sawasawa: jina la mama, na jina la baba pia, hata kama simu yake haiiti.

Wewe uliyefunika kitabu kwa mkono, na mwenzako katika kituo kingine, huenda mnasoma hapa. Nimekaa kwenye meza hiyo. Najua foleni, najua mshahara, najua jinsi dawa zinavyofika nusu na mgeni akaonekana kama ndiye aliyezimaliza. Lakini mliona binti mwenye mimba kubwa akisimama mbele yenu na hamkumpima hata presha, kazi ya dakika mbili. Mnakumbuka shauri la mama wawili waliofariki wakijifungua katika hospitali zetu za serikali, mmoja Mityana, mwingine Arua. Lilifunguliwa 2011, likazungushwa miaka tisa, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikasema kwamba kushindwa kuwapa wajawazito huduma ya msingi ni kuvunja Katiba. Wale mama walikuwa Waganda. Huyu wa Goma damu yake ingemwagika kwa rangi ileile, na mkono uliofunika kitabu ungekuwa wako.

Yaya, mkimaliza kliniki ya keshokutwa nitumie presha aliyokutwa nayo, namba zote mbili, ya juu na ya chini. Ikifika 160 kwa 110 wasimrudishe nyumbani, na wakimrudisha nipigie. Simu yangu naiweka karibu na mto. Hata saa nane usiku.

Mama Mkunga